Fundi Asiyeonekana: Somo Kuhusu Bakteria na Nyenzo Hai, Kutoka Korona ya Mkonge Hadi Chujio la Maji

Kilo mia moja za majani ya mkonge zikipita katika korona, singa zinazopatikana baada ya kukaushwa ni takribani kilo nne. Kilo tisini na sita zinazobaki ni maji, nyama ya jani na vipande vifupi vya nyuzi, navyo kwa miaka mingi vimehesabiwa kuwa taka. Mkulima hulima, hupalilia, hukata na kusafirisha jani zima, lakini hulipwa kwa sehemu ndogo tu ya jani hilo.

Hesabu hiyo si ngeni katika Wilaya ya Korogwe. Mkonge uliletwa katika ukanda huu na Dkt. Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche takribani 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, Marekani, iliyofika hai na kupandwa Pangani ni 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache yalitokea mashamba yaliyoupa Mkoa wa Tanga jina lake duniani. Hata hivyo, zaidi ya karne moja baadaye, swali la kilo tisini na sita bado linawahusu wakulima wa Hale, Magunga, Mwelya, Ngombezi na Magoma, pamoja na wale wa upande wa Handeni wanaoutazama mkonge kama zao linalovumilia ukame.

Sehemu ya jibu la swali hilo imo mikononi mwa fundi asiyeonekana kwa macho, naye ni bakteria. Makala haya yanaeleza kazi ambayo bakteria tayari anaifanya katika wilaya hizi mbili, namna wanasayansi wanavyomfundisha kutengeneza vitu vipya viitwavyo nyenzo hai, mipaka ya elimu hiyo, na mambo ambayo mwananchi anaweza kuyafanya leo bila kusubiri maabara ya mbali. Fundisho lake kuu ni moja: kitu kilicho hai humtumikia yule anayekilisha na kukitunza, na huacha kazi siku anaposahauliwa.

BAKTERIA NI NANI

Bakteria ni kiumbe cha chembe moja. Wengi wao ni wadogo kiasi kwamba takribani elfu moja wakipangwa mstari mmoja hutimiza urefu wa milimita moja au mbili. Hupatikana katika udongo, maji, hewa, matumboni mwa wanyama na juu ya ngozi ya binadamu. Wachache huleta maradhi kama kipindupindu na kifua kikuu, nao ndio waliowapa wenzao wote sifa mbaya. Walio wengi hawana madhara, na wengi kati yao ni watenda kazi wa lazima.

Mama anayegandisha maziwa ya mtindi huwatumia bakteria. Mkulima anayechanganya mahindi na kunde katika shamba moja huwatumia pia, kwa kuwa ndani ya vinundu vya mizizi ya kunde wamo bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mfugaji anayelisha ng'ombe majani makavu hutegemea viumbe wadogo waliomo tumboni mwa mnyama huyo, kwa maana ng'ombe peke yake hana uwezo wa kuyasaga majani hayo hadi yakawa lishe.

Nguvu ya bakteria iko katika wingi na kasi yake. Baadhi yao, wakipata chakula na joto linalofaa, hujigawa mara mbili kila baada ya dakika ishirini. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha bakteria hujaa ndani ya siku moja.

FUNZO LA HALE

Mfano mkubwa wa kazi hiyo katika Wilaya ya Korogwe ni mtambo wa biogesi wa shamba la mkonge la Hale. Mtambo huo ulijengwa na kampuni ya Katani Limited kwa ushirikiano na Serikali, Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, yaani UNIDO. Kufikia mwaka 2008 mabaki ya mkonge yalikuwa yamekwisha kugeuzwa umeme mahali hapo, kwa jenereta iliyoanza na uwezo wa kilowati 150. Ulitajwa kuwa mtambo wa kwanza duniani kuzalisha umeme kwa mabaki ya mkonge.

Kinachotokea ndani ya tangi la mtambo wa namna hiyo ni kazi ya kupokezana. Kundi la kwanza la viumbe hukata nyama ya jani kuwa sukari nyepesi. Kundi la pili hula sukari hiyo na kutoa asidi. Kundi la tatu hubadili asidi hizo kuwa siki na hidrojeni. Kundi la mwisho, ambalo wataalamu hulihesabu kuwa ndugu wa mbali wa bakteria, huchukua mazao hayo na kutoa methani, gesi inayowaka. Kazi yote hufanyika pasipo hewa.

Mnyororo huo una udhaifu wake. Watoa asidi hufanya kazi haraka kuliko watoa methani. Tangi likijazwa chakula kingi kwa mara moja, asidi huzidi, watoa methani hudhoofika, na mtambo huchacha. Gesi hupungua, kisha hukoma, na kuwarudisha viumbe katika hali yao huweza kuchukua wiki nyingi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamelichunguza jambo hili kwa kina. Anthony Mshandete na Amelia Kivaisi, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden, walichapisha mwaka 2004 matokeo ya kuchanganya mabaki ya mkonge na mabaki ya samaki. Mkonge una kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, na samaki ana naitrojeni tele. Mchanganyiko wa theluthi moja ya mabaki ya samaki na theluthi mbili za mkonge ulitoa methani zaidi kwa asilimia 59 hadi 94, ukilinganishwa na kila kimoja kilipochachushwa peke yake. Mwaka 2006 walionyesha kuwa nyuzi za mabaki zikikatwa hadi urefu wa milimita mbili, methani huongezeka kwa asilimia 23.

Matokeo hayo hayakuhitaji bakteria mpya. Yalihitaji mtu aliyejua fundi wake anakula nini, kwa kiasi gani, na chakula hicho kiandaliwe namna gani.

NYENZO HAI NI NINI

Katika mtambo wa namna ya ule wa Hale bakteria hutoa gesi, na gesi hiyo huondoka. Hatua inayofuata katika elimu hii ni kumfanya bakteria awe sehemu ya kitu chenyewe. Nyenzo hai ni kitu cha kujengea, kufuma, kufunika au kuchujia ambacho kimetengenezwa na viumbe hai, na mara nyingi viumbe hao hubaki ndani yake wakiendelea na kazi.

Wazo hilo laweza kuonekana geni, lakini mfano wake wa kale ni chujio la mchanga. Maji yakipita polepole juu ya mchanga safi kwa siku nyingi, utando mwembamba wa bakteria na viumbe wengine wadogo huota juu ya punje za mchanga. Utando huo hunasa na kula vijidudu vinavyoletwa na maji. Mchanga peke yake huzuia tope. Utando ulio hai ndio unaopunguza maradhi.

Uwezo wa utando huo ulithibitishwa na tukio la huzuni nchini Ujerumani mwaka 1892. Miji ya Hamburg na Altona ilipakana na kutumia maji ya mto mmoja, Elbe. Hamburg iliwagawia wakazi wake maji ya mto bila kuyachuja. Altona ilikuwa upande wa chini wa mto, na maji yake yalikwisha kupokea uchafu wa Hamburg, lakini iliyapitisha katika vichujio vya mchanga. Kipindupindu kilipoingia, Hamburg ilipoteza zaidi ya watu 8,500, na Altona ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Mtaa mmoja uligawanywa na mpaka wa miji hiyo, na maradhi yalifuata mpaka huo huo wa mabomba.

Habari hiyo ina maana ya pekee kwa wilaya hizi mbili. Mradi wa maji wa HTM, uliojengwa katika miaka ya 1970, huchukua maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapeleka Handeni. Wakazi wa wilaya mbili hutegemea mto mmoja, na usafi wa kingo zake ni dhamana ya wote.

KUMFUNDISHA BAKTERIA KAZI MPYA

Kila kiumbe hai kina maelekezo ya kujijenga, yaliyoandikwa ndani ya chembe zake kwa vinasaba. Sehemu moja ya maelekezo, inayoagiza kazi moja, huitwa jeni. Mwaka 1973, nchini Marekani, Stanley Cohen na Herbert Boyer walionyesha kuwa kipande cha vinasaba kinaweza kukatwa kutoka kwa kiumbe kimoja, kuunganishwa katika pete ndogo ya vinasaba, na kuingizwa ndani ya bakteria. Bakteria huyo hulisoma agizo jipya na kulitekeleza kama lake, kisha huwarithisha watoto wake.

Matunda ya elimu hiyo yamekwisha kufika katika wilaya hizi, ingawa wengi hawayatambui. Insulini wanayojidunga baadhi ya wagonjwa wa kisukari hutengenezwa na bakteria au hamira waliopewa jeni ya binadamu. Insulini ya aina hiyo ilipatikana maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1978 na kuidhinishwa kwa matumizi nchini Marekani mwaka 1982. Kabla ya hapo insulini ilitolewa katika kongosho za nguruwe na ng'ombe.

Hata hivyo, insulini si nyenzo hai. Bakteria huilea ndani ya matangi ya kiwanda, kisha dawa hutengwa na kusafishwa, na bakteria hafiki kwa mgonjwa. Katika nyenzo hai, fundi huishi ndani ya nyumba anayoijenga, na ndiyo maana maswali ya usalama na matunzo huwa mazito zaidi.

KAZI ZILIZOKWISHA KUFANYIKA

Mkonge umekwisha kupita katika mikono ya fundi huyu. Singa ya mkonge kwa sehemu kubwa ni selulosi, yaani kitu kile kile kinachounda pamba na karatasi. Wapo bakteria wanaofuma selulosi yao wenyewe, safi na nyembamba mno, wakiishi katika maji yenye sukari. Mwaka 2008 watafiti wa Imperial College jijini London, akiwamo Alexander Bismarck, walitangaza kuwa wametumbukiza nyuzi za mkonge katika maji yenye bakteria hao. Bakteria walizivalisha nyuzi joho jembamba la selulosi, lenye uzito wa asilimia 5 hadi 6. Nyuzi zilizovalishwa zilishikamana vizuri zaidi na plastiki zinazotokana na mimea. Bakteria hawakubadilishwa vinasaba; walipewa tu mahali pa kufumia, na mahali hapo palikuwa singa ya mkonge.

Umuhimu wa jambo hilo ni wa kiuchumi. Singa za mkonge zimezoeleka katika kamba, magunia na mazulia. Nyuzi zinazoshikamana barabara na plastiki zinaweza kuingia katika mbao bandia, vipande vya ndani vya magari na vifaa vingine ambako soko hulipa zaidi.

Mfano wa pili unahusu bakteria waliobadilishwa. Mwaka 2024 Tom Ellis na wenzake, pia wa Imperial College, walitangaza kuwa wamempa bakteria mfuma selulosi jeni ya kutengeneza melanini, rangi nyeusi inayopatikana katika ngozi na nywele za binadamu. Bakteria walifuma kwa muda wa siku 14 juu ya umbo la kiatu, wakatoa kipande cha sehemu ya juu. Baada ya siku mbili za kutikiswa taratibu katika nyuzijoto 30 za Selisiasi, kipande hicho kilijigeuza cheusi bila kutiwa rangi ya kiwandani. Watafiti hao pia waliwafanya bakteria watoe rangi pale tu walipopigwa na mwanga wa buluu, hivyo mchoro ukatokea ndani ya kitambaa chenyewe. Lengo lao ni kupunguza kemikali za kutia rangi, ambazo katika nchi nyingi humwagwa mitoni.

Mfano wa tatu ni wa ujenzi. Nchini Uholanzi, Henk Jonkers wa chuo kikuu cha Delft alitengeneza zege lenye mbegu za bakteria waliolala. Zege likipata ufa na maji yakaingia, bakteria huamka, hula chakula walichowekewa, na hutoa chokaa inayoziba ufa. Katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, timu ya Wil Srubar ilichanganya mchanga, jelatini na bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua. Mwaka 2020 ilieleza kuwa tofali moja liliweza kukatwa na kuoteshwa upya, hatua tatu mfululizo, hadi likazaa matofali manane.

MIPAKA YA FUNDI HUYU

Habari hizo zinavutia, lakini somo halikamiliki pasipo kutaja upande wa pili.

Kwanza, kilicho hai hufa. Katika matofali ya Colorado, baada ya siku 30 waliokuwa bado hai ni asilimia 9 hadi 14 ya bakteria, na hata kiasi hicho kilihesabiwa kuwa mafanikio makubwa. Bakteria hao huhitaji unyevu, wakati tofali huhitaji ukavu ili liwe na nguvu. Katika maeneo ya Handeni yenye kiangazi kirefu, mgongano huo ungekuwa mkali zaidi.

Pili, kila kazi ina mabaki yake. Aina moja ya bakteria wanaotumika sana kuganda mchanga kwa chokaa hula urea na kutoa amonia, na amonia ikiachwa bila kudhibitiwa huchafua maji. Kuondoa taka moja kwa kuzalisha nyingine si maendeleo.

Tatu, gharama. Sukari wanayokula wafuma selulosi huuzwa kwa bei, na viwanda vilivyopo bado ni vichache. Kitu kinachofanikiwa katika chombo cha kioo hakijathibitisha kuwa kitafanikiwa katika tangi la lita elfu kumi.

Nne, usalama. Bakteria aliyebadilishwa akitoka nje anaweza kuzaana au kuwapa viumbe wengine jeni aliyopewa. Kwa sababu hiyo wanasayansi hubuni vizuizi, kama vile kumfanya ategemee chakula kisichopatikana katika mazingira ya kawaida, ili akitoroka afe. Vizuizi hivyo husaidia, lakini si mbadala wa usimamizi.

SHERIA INASEMA NINI

Tanzania ilijiunga na Itifaki ya Cartagena ya usalama wa viumbe vilivyobadilishwa vinasaba mwaka 2003. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009 zilizotungwa chini yake zinaelekeza kuwa mtu hawezi kuingiza, kufanyia majaribio au kuachia katika mazingira kiumbe kilichobadilishwa vinasaba bila kibali. Masuala hayo huratibiwa kitaifa na Ofisi ya Makamu wa Rais.

Kibali si jambo la maandishi tu. Majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba yalianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016 katika eneo lililozungushiwa uzio, na mwaka 2018 Serikali iliyasitisha. Mwananchi akifuatwa na mfanyabiashara anayeuza "bakteria maalumu" wa chooni, shambani au mtamboni, ana haki ya kuuliza mambo matatu: bakteria hao ni wa aina gani, wamesajiliwa na nani, na kama wamebadilishwa vinasaba. Asiyejibu maswali hayo kwa nyaraka hafai kuaminiwa.

MAMBO YA KUFANYA SASA

Nyenzo hai zilizobadilishwa vinasaba hazijawa bidhaa ya kununuliwa sokoni Korogwe wala Handeni. Nidhamu ya kumtunza fundi asiyeonekana, hata hivyo, inahitajika leo, na yeyote anayeijua leo atakuwa tayari kesho.

Kwa wenye mitambo ya biogesi majumbani. Mitambo mingi nchini imejengwa tangu programu ya kitaifa ya biogesi ya majumbani ilipoanza mwaka 2009 chini ya uratibu wa CAMARTEC, Arusha. Mtambo hulishwa kila siku, kinyesi cha ng'ombe na maji kwa kiasi sawa. Usilishwe kwa wingi siku moja na kuachwa na njaa wiki nzima. Maji ya sabuni, dawa ya kuulia wadudu na kinyesi cha ng'ombe aliye katika matibabu ya antibiotiki visiingie, kwa sababu huua wafanyakazi wa mtambo. Tope linalotoka ni mbolea; lipelekwe shambani.

Kwa kaya zinazotegemea malambo. Chujio la mchanga la nyumbani, lililobuniwa na David Manz wa Calgary, Kanada, katika miaka ya 1990, laweza kutumika pale penye fundi aliyefunzwa. Utando hai huchukua hadi siku 30 kukomaa, na katika kipindi hicho maji yasihesabiwe kuwa yamechujwa vya kutosha. Maji yenye tope yatulizwe kwanza katika chombo kingine. Chujio litumike kila siku, na maji yabaki juu ya mchanga kwa kina cha sentimita tano hata wakati halitumiki, kwani utando ukikauka hufa. Maji yenye klorini yasimiminwe juu ya chujio. Dawa ya maji hutiwa baada ya kuchuja, katika chombo safi chenye mfuniko, au maji huchemshwa. Chujio hupunguza hatari, bali haliondoi wajibu wa kutibu maji ya kunywa.

Kwa wakulima na vyama vya ushirika vya mkonge. Mabaki yanayotoka korona yana thamani yakiwa mabichi na safi. Yakichanganyika na udongo, mawe na plastiki, au yakiachwa juani hadi yakauke, thamani hiyo hupotea. Chama kinachojua kila siku hutoa tani ngapi za mabaki, na katika miezi ipi, kitakuwa na hoja ya kuweka mezani pindi mwekezaji wa biogesi, mbolea au nyenzo mpya atakapofika. Kisicho na hesabu kitapokea bei ya kupangiwa. Aidha, maji ya korona yasielekezwe moja kwa moja mtoni: bakteria wa mtoni huyashambulia mabaki hayo, hutumia hewa iliyomo majini, na samaki hukosa pumzi.

Kwa shule. Walimu wa sayansi wanaweza kuwaonyesha wanafunzi vinundu vya mizizi ya maharage au kunde. Kinundu kikipasuliwa na kuonekana chekundu ndani, bakteria wako kazini. Kikiwa cheupe au kijani, hawafanyi kazi. Somo hilo halihitaji fedha, na huanzia katika bustani ya shule.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI NA KATIKA MIKUTANO YA VIJIJI

1. Kwa nini mtambo wa biogesi uliojazwa kupita kiasi hutoa gesi kidogo badala ya nyingi?

2. Kuna tofauti gani kati ya insulini inayotengenezwa na bakteria na zege linalojiziba nyufa?

3. Altona ilipokea maji machafu kuliko Hamburg, lakini ilinusurika. Wakazi wanaotumia Mto Pangani wanajifunza nini kutokana na habari hiyo?

4. Chama cha ushirika kikiombwa mabaki ya mkonge bure, kijibu nini, na kwa hesabu gani?

HITIMISHO

Mwaka 1893 miche 62 tu ilifika Pangani ikiwa hai, ilhali mamia mengine yalikufa, na mashamba yalitokana na ile michache iliyopandwa na kutunzwa. Kanuni hiyo haijabadilika. Bakteria anaweza kuvalisha singa, kuziba ufa wa zege, kusafisha maji na kuwasha taa, lakini hafanyi lolote kati ya hayo katika tangi lililosahauliwa au chujio lililokauka. Wilaya zenye mkonge, mifugo na mto mmoja wa pamoja zinayo malighafi. Linalobaki ni matunzo.

Wananchi wanaohitaji ushauri kuhusu biogesi na matumizi ya mabaki ya mazao wafike kwa Afisa Kilimo au Afisa Mifugo wa kata. Kwa ushauri wa maji salama ya nyumbani, waonane na Afisa Afya wa kata au mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliye karibu.